Muntu ya Kutumwa

Béa alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimesimama na kapu la nguo za kuanika. Alianza kwa Kifaransa, kisha akageuza: "Maman Rehema, Papa ameenda." Papa Ilunga alikuwa na miaka themanini na miwili, na alikuwa amelazwa hospitalini Woluwe kwa wiki tatu, kwa hiyo habari yenyewe haikunishtua. Kilichonishtua ni ombi lililofuata. Wazee waliotoka naye Likasi, Kongo, wanataka wasifu wa marehemu usomwe kwa Kiswahili kabla ya misa, na Béa, aliyekulia hapa Brussels, Kiswahili chake ni cha jikoni. "Weye njo unajua Swahili bora," aliniambia, maana hivyo ndivyo Wakongomani wanavyokiita Kiswahili cha vitabuni. "Utaandika, mie nitasoma." Nikamwambia nitaandika. Simu ilipokatika nilikaa sakafuni kando ya lile kapu, na nguo zikabaki mbichi humo humo. Kulikuwa na jambo moja katika maisha ya Papa Ilunga ambalo lilistahili kuwa mwanzoni kabisa mwa wasifu ule. Alitaka binti yake alisikie, na aliwahi kujaribu kulisema mbele yake mara moja tu. Mimi ndiye niliyemzima.

Mwaka wa jambo hilo, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimekuja kusomea kazi ya maabara, na nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Papa Ilunga na mkewe, Maman Odile, kwenye mtaa mdogo unaochepuka kutoka barabara ya Chaussée d'Ixelles. Chini yetu palikuwa na duka la nywele za bandia. Kila ulipofungua dirisha la chumba changu ilipanda harufu ya gundi na ya nywele zilizochomwa, na sauti za wanawake wakibishania bei kwa Kilingala. Kitanda changu kilikuwa kirefu kuliko chumba, kwa hiyo mlango haukufunguka wote. Niliingia ubavu ubavu kama ninayepita katikati ya watu msikitini. Papa Ilunga alikuwa mwalimu wa hisabati kule Likasi. Hapa alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, akitoka kabla hatujaamka na kurudi mchana, mikono yake ikinuka wanga wa mashuka. Akishanawa aliketi kwenye meza ya jikoni yenye kitambaa cha plastiki chenye picha za malimau, akavaa miwani, akasahihisha madaftari ya Béa kwa kalamu nyekundu kana kwamba ana darasa la watoto hamsini. Béa alikuwa na miaka tisa na alikuwa peke yake darasani humo.

Kwenye meza ile ndipo nilipojifunza kwamba Kiswahili changu si Kiswahili chote. Maman Odile alisonga ugali na kuuita bukari; kisamvu alikiita sombe, akakipika na mawese mpaka kikawa cheusi na kinang'aa. Siku ya kwanza Papa Ilunga aliniambia, "Bibi yangu anapika muzuri, sivyo?" nami nikatafuta kwa macho ajuza aliyejificha nyuma ya jokofu. Walicheka wote, hata Béa. Kwao bibi ni mke. "Na yule mama aliyemzaa mama yako, mnamwitaje?" niliuliza. "Nkambo," alisema. "Nkambo muke, nkambo mume." Sasa ilikuwa zamu yangu kucheka, nikamweleza kwamba kwetu ukisikia kambo unafikiria mama wa kambo, yule aliyeolewa na baba baada ya mama yako. Alivua miwani. "Ah non! Weye unaweka nkambo yangu pamoja na mama muchawi?" Tukacheka tena. Nalieleza hili polepole kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinasimama juu yake, na kwa sababu sitaki msomaji anionee huruma nisiyostahili: neno lile nililijua. Nililijua tangu mwezi wa kwanza, nikiwa na tonge mkononi.

Siku hizo Watanzania na Wakenya wa Brussels tulikuwa na klabu ya mdahalo. Tulikutana Jumamosi moja kila mwezi, mchana, katika ukumbi wa parokia: wanafunzi, wake wa maofisa wa ubalozi, na wengine waliofuata chai na maandazi tu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mwangi, Mkenya mwenye suti moja nzuri, na alikuwa na sheria moja: mada za nyumbani marufuku. Mbele palikaa watu wa serikali mbili tatu na hakutaka mtu apoteze pasipoti kwa sababu ya ulimi. Kwa hiyo tulijadili mambo ya mbali. Ndivyo ilivyofika mada ya mwezi wa tatu: "Utumwa ndio uliosababisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani." Papa Ilunga, niliyekuwa nimemkaribisha klabuni mimi mwenyewe, alikuwa haendi ila kusikiliza. Safari hii alinyoosha mkono kuitetea mada kabla Bwana Mwangi hajamaliza kusoma. Kura za kugawa waliobaki zilipopigwa, mimi niliangukia upande wa kupinga. Tukarudi nyumbani pamoja, wapinzani wawili chini ya mwavuli mmoja, akifurahi kama mtoto. "Ma fille, nitakupiga," alisema. "Utapigika muzuri."

Niliingia maktaba. Kwa wasiojua, hoja ya upande wangu ilikuwa hii: majimbo ya Kusini yalijitenga kwa ajili ya haki zao za kujitawala, na kwa ajili ya kodi ambazo Kaskazini ilizitoza bidhaa zilizoingia nchini; utumwa ulikuwepo, ila ulikuwa pembeni. Ni hoja yenye mavazi mazuri. Nilikuwa na kurasa sita za maandishi safi ndipo nikafungua kitabu kilichokuwa na hati ambazo baadhi ya majimbo yale yaliziandika yenyewe wakati wa kujitoa, kuueleza ulimwengu sababu. Hazikuficha. Utumwa ulikuwa pale, kwa midomo yao wenyewe, tena juu kabisa. Nikakifunga kile kitabu. Sikukikopa, wala sikukirudisha mahali pake. Nilikisukuma nyuma ya vingine, jambo ambalo mpaka leo sijui lilikuwa la nini, maana hakuna mtu mwingine klabuni aliyekuwa na kitambulisho cha maktaba ile. Nilijiambia mdahalo ni mchezo, na anayecheza upande wa pili ndiye mwenye kazi ya kuutafuta ukweli.

Jumapili iliyotangulia mdahalo tulikuwa jikoni wawili tu. Maman Odile na Béa walikuwa kanisani, na sombe ilikuwa motoni. Papa Ilunga alisema si uungwana kumvizia mtu anayekaa nyumbani mwako, kwa hiyo ataniambia atakachosema ili nijiandae. Akaniambia. Nkambo yake, mama wa mama yake, alichukuliwa na wafanyabiashara akiwa mtoto mdogo, akatembezwa mbali, akauzwa katika nyumba ya mkubwa fulani. Humo hawakumwita mtumwa. Walisema ni muntu ya kutumwa. Lete maji, peleka moto, ita fulani. Baadaye biashara hiyo ilikwisha, akaolewa, akazaa, akazeeka kwa heshima. "Lakini mwili yake haikusahau," alisema Papa Ilunga. "Ukisema neno kwa sauti ya kutuma, anasimama. Haulizi ni nani. Shiye batoto tulijua. Nilikuwa na miaka six, sept, mutoto kabisa. Namuambia, nkambo, lete fimbo, na yeye anakimbia. Muzee! Anakimbia, shiye tunacheka. Tuliita ile mchezo." Alikoroga sufuria kwa muda mrefu bila sababu. "Sijamuambia Odile. Sijamuambia muntu. Ile samedi ya mdahalo Béa atakuwa pale. Nataka asikie mbele ya bantu, juu asiwaze ni haya."

Kisha akaniuliza. Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Aliniuliza, "Bale benzenu, nikisema nkambo, batasikia? Nikisema muntu ya kutumwa? Ao niseme namna gani mu Swahili bora?" Ilikuwa kazi ya pumzi moja kumjibu: sema bibi yangu alikuwa mtumwa. Mimi, ambaye tangu nifike nyumba ile nilikuwa ninamsahihisha kwa furaha hata asipouliza, nilifunika sufuria na kusema, "Sema hivyo hivyo, Papa. Wataelewa tu." Nimejiuliza kwa zaidi ya miaka thelathini kama nilikuwa nimeshaipanga. Nataka kusema hapana. Pengine nilichoka. Pengine niliona neno lake ni zuri kuliko langu, na kweli ni zuri, kwa sababu ukilitazama vizuri mtumwa ni hilo hilo tu, mtu aliyetumwa, ila sisi tumelitumia mpaka hatuusikii tena uchungu wake. Hayo yote yangeweza kuwa kweli. Ila nakumbuka pia kwamba wakati anasimulia, sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa inatafuta pa kuishika hadithi ile ili niiangushe.

Ukumbi ulijaa. Maman Odile alileta sufuria ya wali, akamketisha Béa mstari wa pili akiwa amevaa gauni la Pasaka. Mimi nilizungumza kabla ya Papa Ilunga, na nilizungumza vizuri. "Mheshimiwa Mwenyekiti, majaji msiopendelea, mtunza muda makini..." Nilieleza kodi, nilieleza haki za majimbo, watu wakagonga meza. Kisha akasimama yeye na koti lake la kijivu.

"Bon," alisema. "Mheshimiwa président. Ndugu yetu Rehema amesema vita ilikuwa juu ya haki ya majimbo. Sawa. Mie niko mwalimu ya mathématiques, ninapenda phrase iishe. Haki ya kufanya nini? Haki ya kupika? Haki ya kulala? Alors, muishe phrase."

Nilitazama kurasa zangu sita na hapakuwa na mahali popote palipomaliza sentensi ile, isipokuwa kwenye kitabu nilichokisukuma nyuma ya vingine. Bwana Mwangi alikuwa amejiinamia mbele. Nikajua nimeshindwa. Papa Ilunga akageuka kidogo, akamtafuta Béa kwa macho, na sauti yake ikashuka. "Sikukuya hapa juu ya Amerika. Nkambo yangu alikuwaka muntu ya kutumwa. Nilimuona na macho yangu. Nataka niwaambie vile alikuwa..."

Nilinyoosha mkono. "Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti!" Kwa kanuni zetu mtu akiomba taarifa mzungumzaji anakaa, na muda wake unaendelea kuhesabiwa. Papa Ilunga akakaa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilisema, "mzungumzaji anatuarifu kwamba mama yake wa kambo alikuwa akitumwa." Kicheko kilianzia nyuma. "Nampa pole sana. Ila kwetu sisi, mama wa kambo ndiye anayetuma!" Ukumbi ukalipuka. Meza zilipigwa mpaka vikombe vikaruka. "Na mimi nimetumwa sana. Chumvi, mafuta ya taa, kiberiti. Mbona sijaanzisha vita?"

"Kiberiti ndicho hicho, umeanza!" alipaza sauti mtu mmoja.

"Mwambie, dada! Mwambie!"

Bwana Mwangi alifuta macho kwa leso, akishindwa kuita utulivu. Papa Ilunga alikuwa amesimama tena. "Nkambo," alisema, "hapana, nkambo, si ule..." Mtunza muda akagonga glasi kwa kijiko. Muda ulikuwa umekwisha. Hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi, na hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na uso ule alioufanya juu ya madaftari, akiona mtoto anayejua jibu amekosea kwa pupa na kumpa nafasi afute. Alingoja. Mimi nikapanga karatasi zangu zikae sawa, kona kwa kona. Nilipoinua macho niliona Béa kwenye mstari wa pili. Alikuwa anacheka kama wengine, mkono mdomoni, akitazama huku na huku aone nani mwingine anacheka.

Tulishinda. Zawadi ilikuwa kamusi nene. Mvua ilikuwa inanyesha tulipotoka, na Papa Ilunga aliona ninavyohangaika na kamusi ile, akaichukua bila neno na kuifunika ndani ya koti lake mpaka nyumbani ili isilowe.

Asubuhi yake nilikuwa nimesimama ubavu ubavu mlangoni pangu nikimsikia Béa jikoni. "Papa, nkambo yako alikuwa mama wa kambo?" Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe. Nilikuwa na hatua nne tu za kutembea. "Oui, chérie," alimkubalia Papa Ilunga. "C'est ça. Kunywa maziwa." Nilipoingia baadaye alininyanyukia kidogo kwenye kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku niliyohamia, akaniambia kahawa bado ipo: "Bonjour, Mademoiselle. Il reste du café." Hakuwahi tena kusema nami Kiswahili. Alikuwa mwema vile vile. Alinitengenezea dirisha, alinisubiri kula. Lakini yote kwa Kifaransa safi cha mwalimu, kwa *vous*, ile "wewe" ya kumwambia mtu wa mbali, na mimi ambaye Kifaransa changu kilikuwa bado kinachechemea nikawa mezani pale kama mgeni wa siku moja. Mwezi wa sita nilipata chumba karibu na chuo huko Woluwe. Maman Odile alilia. Papa Ilunga alinibebea sanduku hadi kwenye metro.

Niliwahi kujaribu. Kwenye harusi ya Béa, miaka kumi na mitano baadaye, nilimsogelea na kusema, "Papa, ule mdahalo..." Akanijazia glasi. "Ah! Vous aviez très bien parlé," akasema, yaani nilizungumza vizuri sana, na kunionyesha maharusi wanavyocheza. Nikakubali kuonyeshwa. Mimi ni mtu wa kueleza mambo. Nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote, nimewafundisha watoto wa watu hapa Brussels lugha ya wazazi wao kila Jumamosi, na huwaambia wasiogope kukosea, maana kosa la lugha halimuumizi mtu. Ninapowaambia hivyo huwa najua kwamba ninasema nusu. Wewe unayesoma, kama una neno la aina hii unalodaiwa na mtu, na mtu huyo bado anaamka asubuhi, nenda. Usingoje hadi uwe na maneno mazuri. Mimi nilikuwa nayo siku zote.

Alhamisi, siku mbili baada ya ile simu, nilikwenda kwa Béa, Molenbeek, na daftari langu. Ana nyumba ya juu inayotazama mfereji. Watoto walikuwa shuleni. Alikuwa amefungua kompyuta mezani na kuandika tarehe ya kuzaliwa, Likasi, ualimu, ndoa. "Sasa familia," alisema. "Wazazi wake ninajua. Lakini nkambo yake njo alimulea, na sijui kitu. Ni ule wa kambo, eh? Ule wa ile débat."

"Hakuwa wa kambo," nilisema.

Nikamweleza. Nilieleza yote, na kwa mara moja katika maisha yangu nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, nikiruka, nikichanganya sombe na maktaba. Nilimwambia nilijua maana ya neno. Nilimwambia baba yake aliniuliza na nikamnyima. Nilimwambia kuhusu fimbo, na bibi kizee anayekimbia, na kwamba baba yake alitaka yeye asikie mbele ya watu ili asidhani ni aibu.

"Nilicheka," alisema Béa mwishoni. "Ninakumbuka. Nilikuwa na robe ya njano na nilicheka."

"Ulikuwa na miaka tisa."

"Na weye?"

"Ishirini na sita."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeandika namba mahali. Alivuta kompyuta karibu. "Ule nkambo, alikuwa anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Alikuwa amenitajia. Hilo nina hakika nalo: alilitaja jina lake jikoni, mara mbili, akitabasamu mara ya pili. Ninaona malimau kwenye kitambaa cha meza, ninaona mvuke, ninasikia mfuniko ukigonga, na mahali penye jina ninajisikia mimi mwenyewe nikitafuta pa kuishika ile hadithi. Béa alingoja vidole vikiwa juu ya herufi. Maman Odile amefariki. Ndugu wa Likasi waliobaki walizaliwa baada ya bibi yule kufa.

"Sikumbuki," nilisema. "Alinitajia, nikawa sisikilizi."

Nilidhani ataniambia niondoke, na ningeondoka. Kisha akasogeza kompyuta upande wangu. "Andika *nkambo*," alisema. "Nkambo yake alikuwaka muntu ya kutumwa. Vile alisema yeye."

Niliandika. Vidole vyangu, kwa mazoea, vilikuwa vimeshafungua mabano ili niwawekee wasikilizaji wa Tanzania na Kenya maana yake.

"Hapana," alisema Béa. "Usieleze. Nitasoma vile. Mwenye atacheka, nitamuona."